Kompyuta yako inadhani unaishi Marekani

Watu huwa wananishangaa, kila mashine inayoingia hapa steshenari, iwe mpya ya dukani au mtumba wa Dubai, kabla haijaanza kazi nakaa nayo kwanza nabadilisha vitu vidogo vidogo, na wengine wanadhani naweka programu za kuiongezea spidi. Hapana. Ni kwamba Windows na Office zinapotoka kwao zinakuja zimeshamuwaza mtumiaji wao kichwani: anaandika Kiingereza, anaprinti kwenye karatasi ya Letter, tarehe anaanza na mwezi, umeme wake haukatiki, intaneti yake haiishi, na namba yake ya simu haianzi na sifuri. Sasa mimi na wewe hapo hatumo hata kwa bahati mbaya. Vurugu nyingi ambazo watu wanaziita "kompyuta yangu ina shida" ni huyo mtu wa kufikirika anayekaliwa kiti chake na mtu wa Morogoro, na dawa yake karibu zote ni za bure na ziko humohumo ndani ya mashine, ila zimefichwa.

Tuanze na karatasi maana ndo inayosumbua wengi. Mtu kakutumia Word yake, unabonyeza print, printa inaguna kidogo halafu inanyamaza, taa ya chungwa inawaka inazima, mteja anakuangalia, unavuta trei karatasi zipo, unarudisha, inawaka inazima tena. Hapo wengi wanaizima printa na kuiwasha, wengine wanamlaumu aliyejaza wino. Printa haina tatizo lolote, inasubiri uiwekee Letter, karatasi ya Marekani na Kanada ambayo huku dukani hukutani nayo. A4 ni milimita 210 kwa 297, Letter ni 216 kwa 279, yaani pana kidogo na fupi kidogo, kwenye skrini jicho haliwezi kukwambia ila printa inajua na inagoma. Nenda Layout, halafu Size, chagua A4, imeisha. Lakini hiyo ni kwa faili hilo moja tu, ukifungua jipya unarudi kulekule, kwa hiyo ukitaka uachane na huo ugomvi moja kwa moja fungua lile dirisha lenyewe la Page Setup, kwenye Paper weka A4 halafu bonyeza Set As Default pale chini. Kisha nenda upande wa printa yenyewe, Printing preferences, na huko nako weka A4, maana ukibadilisha Word tu ukaiacha printa, siku utakapoprinti kutoka kwenye brauza au PDF mchezo unaanza upya.

Angalizo kwa wanaoandika ripoti za field na risechi: ukibadili Letter kwenda A4 mwishoni, kurasa zote zinahama. Jedwali la yaliyomo litaendelea kusema sura ya tatu iko ukurasa wa 21 wakati imeshasogea. Ctrl+A, halafu F9, liambie lijihesabu upya. Na bora A4 uiweke siku ya kwanza kabla hujaandika hata jina la msimamizi wako.

Haya, Excel. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanapoteza data kabisa, siyo usumbufu tu.

Alikuja mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, na flashi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu niangalizie hii, mbona namba za NIDA zimekuwa za kihesabu?"

Nikafungua, kolamu nzima imeandika 1.97E+19, 1.98E+19, 1.97E+19, wanachama wote wamefanana. Nikaklik seli moja nione juu kwenye ule mstari wa fomula namba yenyewe ikoje, ikaonekana ndefu, nzuri, ila mwishoni ina sifuri tano. Nikaklik inayofuata, sifuri tano. Hapo ukishaona sifuri tano ujue imeshakula.

Kinachotokea ni hivi. Excel kila ikiona tarakimu tupu inadhani unataka kufanya hesabu, na kwenye hesabu zake inashika tarakimu 15 tu, zinazozidi inazifanya sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ndo tarehe ya kuzaliwa. Toa 15, zinabaki tano, na hizo tano ndo zimekufa. Hakuna fomula ya kuzirudisha, hakuna fundi wa kuzirudisha, ukishasevu ukafunga ndo basi, na bahati ya yule mama ni kwamba wanachama walikuwa wametuma namba zao kwenye grupu la WhatsApp na meseji bado zipo, tukaanza kuzikopi upya moja moja.

Safari hii kwa utaratibu: kabla hujaweka chochote, chagua kolamu nzima kwa kubonyeza herufi yake juu, Ctrl+1, chagua Text, OK. Halafu ndo upesti, na ukipesti chagua ile ya maandishi matupu maana ukipesti na fomati yake inaweza kuja na mambo yake. Ukiwa unaandika namba moja mbili tu basi weka alama ya ' mbele yake, hiyo alama haionekani kwenye seli wala haiprintiki, inamwambia Excel "hii siyo hesabu, iache". Na ukiandika NIDA pamoja na vile vistari vyake vya katikati pia inapona, kwa sababu yenye vistari Excel haioni kama namba.

Mtego unaofuata sasa. Ukishaweka Text, Excel inakuwekea kipembe cha kijani kwenye kona ya kila seli, kama inakusuta, na ukikiklik inakupa ushauri: Convert to Number. Usiguse! Ukigusa umerudi kwenye sifuri tano. Kile kipembe kikikukera chagua Ignore Error, au kiache tu, hakimdhuru mtu.

Mtego mwingine ni faili za CSV, zile za data tupu zilizotenganishwa kwa koma, zinazotoka kwenye mifumo. Watu wanazifungua kwa kuklik mara mbili, Excel inazifungua yenyewe na kuzigeuza hapohapo kabla hujapumua. Ukitaka usalama fungua Excel tupu kwanza, nenda Data, From Text/CSV, chagua faili, halafu kwenye lile dirisha mwambie asikisie aina za data. Na ujue CSV haitunzi fomati yoyote, hata kama ulihangaika ukaweka Text, ukisevu kama CSV na kesho ukaifungua kwa kuklik mara mbili inageuzwa tena. Kazi yako iweke kwenye xlsx, faili la kawaida la Excel, CSV toa ya mwisho kabisa ya kupeleka kwenye mfumo.

Tofautisha hilo na control namba za malipo ya serikali. Hizo ni tarakimu 12, Excel inazionyesha 9.91E+11 na mtu anapagawa, lakini zile hazijapotea, ni mwonekano tu, 12 ni ndogo kuliko 15. Ctrl+1, Number, desimali weka 0, zinarudi zote. Kadi ya benki ina 16, hiyo inapoteza ya mwisho. Kwa hiyo ukikutana na E+ yoyote swali la kwanza ni moja tu, namba yenyewe ina tarakimu ngapi.

Simu nazo. Unaandika 0712 na kuendelea, Excel inakata sifuri ya mbele, kwa sababu kwenye hesabu sifuri ya mbele haina maana. Kama bado hujaandika, dawa ni ileile ya Text. Kama zimeshakatwa usianze kuziongezea kwa mkono, kolamu ya pembeni andika ="0"&A2 halafu vuta chini. Na kwa wale wanaotuma meseji za pamoja ambako mfumo unataka ianze na 255, hii ndo fomula ninayoitumia kila siku:

="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)

Inaondoa nafasi, inachukua tarakimu tisa za mwisho, inabandika 255 mbele. Uzuri wake ni kwamba haijali mtu kaandika 0712, au +255712, au 712 peke yake, au kaachia nafasi katikati, zote zinatoka sawa. Ukimaliza kopi hiyo kolamu, ipesti kama Values, ndo ufute ya zamani, maana ukifuta ya zamani kwanza fomula yote inabaki inalia #REF!. Na kama Excel yako inagomea koma kwenye fomula jaribu nukta mkato, kuna mashine setingi zake za nchi zimewekwa hivyo.

Nikitaja setingi za nchi, tarehe! Hii ni mbaya kuliko zote kwa sababu haipigi kelele. Mashine ikiwa imekaa Kimarekani ukaandika 13/05/2025, Excel inatafuta mwezi wa 13 haioni, inaiacha kama maandishi, imekaa kushoto mwa seli. Ukaandika 05/04/2025 ukiwa na maana tarehe tano mwezi wa nne, inaisoma Mei tarehe nne, inaikubali vizuri kabisa, inakaa kulia. Kwa hiyo ndani ya orodha moja una tarehe zilizopinduliwa na tarehe ambazo siyo tarehe, zote kwa macho zinaonekana sawa, halafu unazipanga kuanzia ya zamani unashangaa mbona marejesho ya mkopo yamerukaruka. Ukiona kolamu ya tarehe nyingine zimeegemea kushoto nyingine kulia, simama, usiendelee.

Kinga yake: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl, Enter. Inafunguka Region, pale juu kama imeandikwa English (United States) weka English (United Kingdom), siku inatangulia mwezi, imeisha, na hiyo inashika mashine nzima siyo Excel tu. Fanya hivi kabla hujaanza kuingiza data maana haiponyeshi zilizokwisha kuharibika. Kwa zilizokwisha kuharibika, kama una uhakika zote ziliandikwa siku kwanza na tarakimu mbili mbili, kuna hii:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Ndefu lakini inasomeka: kama Excel iliikubali, ipindue siku na mwezi, kama iliikataa, ikatekate vipande uijenge upya. Nashauri uangalie mistari michache kwa jicho ukilinganisha na daftari.

Na usijione mshamba kwa hili. Wanasayansi wa jeni dunia nzima walihangaika na Excel miaka na miaka, kuna jeni zilikuwa zinaitwa MARCH1 na SEPT1, ukiandika tu zinageuka tarehe, mpaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadili majina yenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Yaani waliona ni rahisi kubadili jina la jeni kuliko kumbadilisha Excel, hahaha. Mwaka 2023 ndo Microsoft wakaleta swichi ya kuzima huo ujuaji: File, Options, Data, kuna sehemu ya Automatic Data Conversion, humo unaweza kumkataza kukata sifuri za mbele, kumkataza kufupisha namba ndefu, na kumkataza kugeuza herufi na namba kuwa tarehe. Ukiwa na toleo jipya toa tiki zote. Ukiwa na Office 2016, kama mashine nyingi za huku, hiyo swichi hutaiona, endelea na Text.

Basi Excel tuiache. Kwenye Word kinachowaudhi watu ni vile vimistari vyekundu, barua nzima ya Kiswahili safi imepigiwa mistari kama daftari la darasa la pili. Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, na hapo kuna njia mbili. Ama unachagua Kiswahili, ama unatia tiki Do not check spelling or grammar. Chochote utakachochagua toa tiki ya Detect language automatically, maana ukiiacha ukiandika sentensi mbili inakuamulia kwamba sasa unaandika Kiingereza, inarudisha. LibreOffice, ile ya bure, inakuja na kamusi yake ya Kiswahili na kwa maandishi ya Kiswahili matupu mi naiona inasahihisha vizuri. Hiyo habari ina historia huku kwetu, maana 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, na LibreOffice ya leo ni mtoto wa OpenOffice hiyohiyo.

Walimu nao wana kesi yao. Unatunga mtihani, unaandika (a), (b), (c), (d), (e), na kinachotoka ni (a), (b), ©, (d), €. Hiyo ni AutoCorrect, inadhani unataka alama ya haki miliki na alama ya Euro. Ya haraka ni Ctrl+Z palepale kabla hujaandika kingine, inarudi kuwa (c). Ya kudumu ni File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, zitafute kwenye orodha uzifute. Nimeona mitihani imeprintiwa na kufika darasani swali la kwanza lina jibu la Euro.

Ila AutoCorrect hiyohiyo ukiigeuza ikufanyie kazi wewe, ni raha. Kwa sisi tunaoandika barua za maombi kutwa, kuna sentensi unaziandika mpaka vidole vinajua njia. Ingia kulekule, kwenye Replace andika hkh, kwenye With andika Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kuanzia hapo ukiandika hkh ukapiga spesi, sentensi inajiandika. Mi nina jmt kwa ajili ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nina nta kwa Natanguliza shukrani zangu za dhati, na nina ya mkuu wa chuo na sanduku lake la posta maana kila mwanafunzi anamwandikia yeye. Chagua vifupi ambavyo siyo maneno, usije ukaweka "na" ukajuta. Halafu kuna kitu kinachowachanganya wengi: orodha hiyo inafuata lugha. Juu ya lile dirisha imeandikwa AutoCorrect: English (United States) au lugha nyingine yoyote, sasa kama vifupi umeviweka chini ya Kiingereza halafu barua umeiwekea lugha ya Kiswahili, hkh inabaki hkh. Weka kasa, kile kimstari kinachopepesa, kwenye maandishi ya Kiswahili kwanza, ndo ufungue dirisha uviweke.

Ukurasa mtupu wa mwisho usiofutika baada ya jedwali, wale wa CV mnaujua: Word inalazimisha kuwe na aya baada ya jedwali na hiyo aya haifutiki, imedondokea ukurasa wa pili. Usihangaike na Delete. Weka kasa kwenye hiyo aya, fonti iandike 1, nafasi za juu na chini ziwe 0, inapanda juu yenyewe.

Umeme. Word inajitunzia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na dakika 10 ni sura nzima kwa mtu anayechapa kwa kasi. File, Options, Save, ile 10 iandike 1. Ile swichi ya AutoSave juu kushoto isikudanganye, inafanya kazi kwa faili zilizo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft kama OneDrive, la kwenye desktop halihusiki. Na kama umeme umekatika ukiwa hujasevu hata mara moja, usilie kwanza: fungua Word, File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents. Zinakaa humo kama siku nne halafu zinafutwa, kwa hiyo uende mapema. Kuna mwanafunzi nilimrudishia ripoti yake humo akataka kunipigia magoti, nikamwambia we niletee wateja tu.

Bando nalo lina mtu wake wa kufikirika wa intaneti isiyoisha. Umewasha hotspot ya simu utume imeili moja, ukirudi bando limekwenda, Windows imejishushia apdeti. Nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, ingia kwenye jina la hiyo hotspot, washa Metered connection. Apdeti kubwa zinasimama, OneDrive nayo inatulia. Ni kwa kila mtandao peke yake, ukiazima hotspot ya jamaa yako lazima uiwashe tena. Kuna na hii ambayo wengi hawajawahi kuiona: Delivery Optimization, iko ndani ya Windows Update kwenye Advanced options, inaruhusu mashine yako iwagawie wengine apdeti ulizoshusha. Ukiikuta imeruhusu mpaka watu wa intaneti huko nje, bando lako linahudumia usiowajua. Izime. Sisemi uache kuapdeti, maana mashine inayochomekwa flashi za kila mtu bila apdeti ni balaa, nasema uziache usiku kwenye bando la usiku. Na Windows 10 yenyewe Microsoft walishafunga huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila mashine nyingi za zamani hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11, hilo ni somo la siku nyingine.

Flashi sasa. Mteja anachomeka, folda zake zote zimegeuka shotikati, analia vitu vimefutika. Havijafutika, virusi imevificha tu na kukuwekea shotikati ili ukiklik iingie kwenye mashine yako, kwa hiyo USIKLIK. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama flashi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na usubiri, vinarudi, mara nyingi viko kwenye folda moja lisilo na jina. Vihamishe, skani, fomati flashi. Na kwenye mashine yako nenda View washa File name extensions, maana Windows kwa kawaida inaficha herufi za mwisho za jina la faili, na CV.pdf.exe bila hizo herufi inaonekana CV.pdf, mtu anaifungua kwa mikono yake miwili.

Printa iliyoganda foleni, ile kazi moja imekaa Deleting toka asubuhi haiendi wala haifutiki. Andika hii kwenye Notepad, isevu fungua-printa.bat, iweke desktop:

net stop spooler
del /Q /F %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Ikiganda, klik ya kulia, Run as administrator, sekunde chache foleni yote imefutika. Ujue inafuta kazi zote zilizo kwenye foleni siyo ile iliyoganda tu, kwa hiyo uliza kwanza kama kuna mtu mwingine anasubiri.

Kuskani nitasema kwa ufupi kwa wanaoambiwa na mifumo ya maombi kwamba cheti ni kikubwa mno. A4 moja kwa rangi na dpi 300 (dpi ni vidoti kwa kila inchi) ni kama MB 26 kabla haijabanwa, ukurasa huohuo kwa rangi ya kijivu na dpi 150 ni kama MB 2, mara 12 chini, na maandishi bado yanasomeka. Kabla hujaanza kutafuta tovuti za kubana PDF na kuwapandishia vyeti vyako watu usiowajua, punguza kwenye skana yenyewe.

Mwisho, hizi setingi zote zinakufa siku fundi akikupigia Windows upya. Atakurudishia mashine safi, inaruka, na ndani yake yule Mmarekani amerudi na Letter yake. Kwa hiyo kabla hujampa, funga Word, bonyeza Windows na R, andika %appdata%\Microsoft, Enter. Kwenye folda la Office kopi faili zinazoishia na .acl, hivyo ndo vifupi vyako vya hkh na wenzake, na kwenye folda la Templates kopi Normal.dotm, ndo yenye A4 yako. Weka kwenye flashi pamoja na ile fungua-printa.bat. Akimaliza, fungua Word mara moja halafu uifunge ili atengeneze mafolda yake, ndo uvirudishe palepale juu ya vile vipya. Region na Metered itabidi uziweke kwa mkono, hizo hazibebeki kwenye flashi.